Jicho Ukutani

Kabla ya mradi kuja kwetu, sikujua kwamba ndani ya jicho la mtu mna rangi ya chungwa. Nilidhani ni giza tupu, kama ndani ya mtungi. Siku ile, katika chumba ambacho mradi ulikikodi Makadara, shangazi yangu aliweka kidevu juu ya mashine na jicho lake la kushoto likatokea kwenye skrini: duara kubwa, limeiva, na mishipa myekundu inatambaa humo kama mizizi. Nikapiga kelele.

"Shangazi! Kumbe una jua ndani ya kichwa!"

Alikuwa ameambiwa asitikisike. Akacheka, picha ikaharibika, ikabidi apigwe nyingine. Daktari naye akacheka. Mpaka leo nikiukumbuka mradi ule huanza na kicheko hicho, kisha ladha ndiyo hubadilika mdomoni.

Picha ya pili ilitoka safi. Daktari hakucheka tena. Kwa ncha ya kalamu akanionyesha pahali ambapo mshipa mmoja ulipinda kama ndoana, na chini ya ndoana ile doa jeupe mfano wa punje ya mchele. Kando ya punje, vitone vyekundu. Alikuwa kijana wa bara, mpole, Kiswahili chake kimenyooka kama cha redioni. Akamweleza shangazi kwamba sukari imeanza kuitoboa mishipa midogo ya macho yake yote mawili, damu inavuja. Iko taa maalumu ya kuiziba mivujo, inaitwa leza. Mradi ungempeleka hospitali akapigwe taa hiyo.

"Lakini tuwahi, mama," akasema. "Taa huzuia kinachokuja. Kilichokwisha kwenda hairudishi."

"Mbona mimi naona, daktari? Jana nimetunga uzi kwenye sindano bila miwani."

Na kweli alikuwa akiona. Shangazi yangu alidarizi kofia, zile za vitobo vidogo vidogo ambavyo kila kimoja huzungushiwa uzi kwa mkono, kazi ya miezi. Mabwana arusi wengi wa Mji wa Kale walikwenda kuoa na kazi yake kichwani. Hakuzaa. Mumewe alikuwa mzee, hana nguvu za kazi. Kofia ndizo zilizomfanya shangazi aingie nyumba yoyote na kichwa juu, na macho ndiyo yaliyozishona. Bila macho angekuwa mtu wa kuketi pembeni akingoja kukumbukwa wakati wa chakula.

Mimi nilikuwa mhamasishaji wa mradi. Shule niliishia kidato cha nne, na alama zangu hazikunifikisha kwenye chuo cha uuguzi, ingawa ndoto yenyewe sikuiacha. Nilikuwa na viatu vyeupe, vya mtumba, nilivyovipata Mwembe Tayari kwa mchuuzi aliyeapa kwamba vilivaliwa na muuguzi wa Ulaya. Nilivifunga ndani ya mfuko chini ya kitanda nikivingoja chuo. Siku nilipochukuliwa na mradi nilivitoa. Si muuguzi, lakini nikajiambia si haba, njia ni njia. Kazi yangu ilikuwa kupiga hodi majumbani, kuwaeleza kina mama wenye sukari kwamba macho yao yatapigwa picha, na kuwaleta Makadara. Wa kwanza kumleta alikuwa shangazi.

Mradi wenyewe ulikuwa wa ushirikiano. Neno hilo lilisemwa sana, mpaka nikaanza kulisikia kama jina la mtu. Kulikuwa na chuo kikuu cha ng'ambo, kulikuwa na watafiti wetu wa hapa nchini, na kulikuwa na jamii. Jamii ni sisi. Tukaundiwa kamati ya kuushauri mradi: imamu mmoja, muuza viungo mmoja, mwalimu mstaafu, na mwakilishi wa vijana ambaye ndevu zake zilikwisha kuingia mvi. Mwanamke alialikwa mmoja, akatuma salamu kwamba ana arusi.

Siku ya kikao mimi ndiye niliyemimina sharubati ya ukwaju, kwa hiyo nilisikia kila kitu. Daktari aliwauliza swali zuri kabisa.

"Wazee wangu, kuna mila yoyote tunayopaswa kuijua, isije ikaturudisha nyuma?"

Walimjibu kwa ukarimu. Msimwite mtu saa ya Ijumaa. Ramadhani msimpe mtu dawa ya kumeza mchana. Mwanamke asiangaliwe akiwa peke yake na mwanamume. Viatu vuliwe mlangoni, na kahawa ukipewa usiikatae, hata ukiwa umekunywa kumi. Daktari akaandika yote, akashukuru. Halafu akawasomea masharti: mshiriki akiitwa kwenda kupigwa taa atangojwa muda fulani, akumbushwe, na muda ukipita bila kuja atahesabiwa amejitoa, nafasi yake apewe mwingine.

"Hiyo ni haki," akasema muuza viungo, anakung'uta makombo ya sambusa kwenye kanzu. "Asiyekuja hataki."

Wote wakaitikia. Hakuna aliyetaja eda. Mwanamume hakai eda, haimo katika mwaka wake. Nami nilikuwa sijaolewa, seuze kufiwa, nikaendelea kumimina ukwaju.

Wiki ileile shangazi aliyoitwa hospitali, mumewe alianguka alfajiri akitawadha. Alikuwa mzee mcheshi, nikimwita ami, aliyependa kumtania mkewe kwamba amemuoa kwa ajili ya kofia. Kabla ya adhuhuri alikuwa amezikwa. Jioni shangazi alikuwa ameketi juu ya mkeka chumba cha ndani, nguo nyeupe, hana pete, hana udi, hana wanja. Eda ya mfiwa ni miezi minne na siku kumi. Hatoki mlangoni. Watu humwendea yeye.

Daktari akanipigia simu.

"Shangazi yako hakuja. Anaumwa?"

"Hapana, daktari. Yuko edani."

"Eda ni wapi? Tutume gari."

Nilicheka, na nilikuwa na machozi. Nikamweleza. Akaniuliza kama muuguzi mwanamke anaweza kumfuata nyumbani. Nikasema anaweza, hata leo. Lakini mwenyewe alikwisha kujua jibu kabla sijamaliza: ile mashine ya taa haitoki hospitali. Haibebeki.

Nikamwendea imamu, yule wa kamati. Nilimkuta anatoka msikitini, nikamweleza pale pale kizingitini. Akajipiga kipaji cha uso.

"Subhanallah! Tulisahau. Na mke wangu mwenyewe mamake ametoka eda juzi tu!" Akanitazama kwa huruma. "Mwanangu, mwambie aende. Matibabu ni dharura, aende mchana, arudi kwake. Hana dhambi hata chembe."

Nilirudi mbio. Nilikuwa na furaha kama niliyepewa jicho lenyewe mkononi. Uani nilimkuta wifi yake shangazi, dadake marehemu, mwanamke mkubwa wa nyumba ile, na wanawake wengine wamezunguka buli la chai ya tangawizi. Shangazi alikuwa ndani, mlango wa chumba uko wazi, anatusikia.

"Sheikh amesema yafaa," nikatangaza. "Ataka aende akatibiwe."

"Sheikh gani?" akauliza wifi mtu.

Nikamtaja.

"Yeye amekaa eda mara ngapi?"

Wanawake wakaangua kicheko, mmoja akamwaga chai.

"Bibi, ni matibabu."

"Wewe mwana, mfiwa hata wanja hapaki jichoni, seuze kwenda kupigwa mataa! Ruhusa ni ya mgonjwa anayekufa." Akageuza shingo kuelekea chumbani. "Wifi yangu, wafa?"

"Sifi," shangazi akajibu kutoka ndani.

"Haya. Mumesikia. Hafi."

Sitaki kusema kwamba wifi yule alikuwa mbaya. Ndiye aliyempikia shangazi uji kila asubuhi na kumkanda miguu. Alimlinda kwa namna alivyojua yeye, na alivyojua yeye ni kufunga mlango.

Walipoondoka niliingia nikaketi mkekani.

"Shangazi, sheikh hakusema uongo."

"N'najua. Lakini sheikh haishi humu." Alikuwa akisema polepole, sauti ya mtu aliyelala macho. "Nyumba hii ni ya kina marehemu, mwanangu. Nikitoka leo, kesho kila mlango utasema: mumewe hajakaukiwa udongo, naye ameonekana Makadara ndani ya tuktuk. Sijapata kusemwa tangu kuzaliwa kwangu. Nianze leo, na kaburi la mume wangu bichi?"

"Na macho?"

Akajipangusa kwa upindo wa kanga.

"Haya ni machozi tu. Nikimaliza kulia yatatakata."

Nilikuwa na maneno mengi ya kumjibu. Nilifundishwa na mradi semina nzima ya namna ya kuzungumza na mtu anayesita. Lakini hakuna semina ya kumwambia mjane kwamba kinachomzuia kuona si kilio chake. Nikamshika mkono.

Daktari alipiga tena, na tena. Nilimwomba amngoje. Akasema ameandika ng'ambo kuomba muda uongezwe kwa ajili ya wafiwa, na jibu limekuja: masharti yakibadilishwa katikati, utafiti unaharibika.

"Na yasipobadilishwa kinaharibika nini?" nikamuuliza.

"Usinikasirikie," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka kweli. "Mimi nimeajiriwa kama wewe."

Muda ukapita. Akaniambia kwamba shangazi amehesabiwa.

"Amehesabiwa nini?"

"Amejitoa."

"Daktari, hajajitoa! Yuko pale ndani, ninamwona kutoka hapa niliposimama."

Na nilikuwa ninamwona. Aliketi karibu na dirisha, mkononi ana kofia aliyoianza kwa ajili ya ami, ya Idi. Alisema ataimaliza hata kama kichwa chake kimeondoka. Mwanzo wa eda alikuwa akishona mwenyewe na kunisimulia mambo ya ujana wao, jinsi ami alivyokuja kuposa na kofia ya kuazima iliyomteleza mpaka masikioni. Baadaye akawa ananiita nimtungie uzi. Kisha akawa anahama na jua: asubuhi dirisha la mbele, alasiri la nyuma, ananyoosha kitambaa mpaka kinagusa pua. Siku moja niliingia nikaona vitobo vimeacha mstari. Ua aliloanza kulishona lilikuwa limepinda likapanda juu ya ua la jirani yake.

"Imekaa sawa?" akaniuliza.

"Imekaa."

Akapitisha kidole gumba juu ya kile alichokishona, taratibu, akarudia. Vidole vyake havikudanganyika kama nilivyodhani. Akaikunja kofia, akaitia chini ya mto. Sikumwona tena kuitoa.

Siku ya kutoka eda wanawake walimwogesha, wakamfukiza udi, wakamvisha nguo mpya. Wifi yake alilia kuliko wote. Nilikuwa nimekwisha kumwita dereva wa tuktuk, angoje kwenye kichochoro. Nilikuwa na matumaini, ndiyo, sicheki nikisema hivi. Nilijiambia: watamwona. Daktari akimwona kwa macho yake, mtu mzima, anayenukia udi, ameshika mkono wangu, hatamwambia amejitoa. Nikavaa viatu vyangu vyeupe.

Njiani shangazi alitoa kichwa nje ya tuktuk.

"Leo wachoma taka wapi? Moshi umejaa."

Dereva akanitazama kwenye kioo. Hakukuwa na moshi. Kulikuwa na jua kali la Mombasa, na mtu akikaanga viazi vya karai, na nguo za rangi zote zimetundikwa madukani. Nikasema, "Mbele huko, shangazi."

Chumba cha mradi kilikuwa kimefunguliwa. Ndani palikuwa na kijana anauza vifuniko vya simu. Bawabu wa jengo akanieleza kwamba mashine ilipakiwa kwenye lori, ikavuka daraja la Makupa, imepelekwa mji mwingine ambako nao watapigwa picha. Nilimpigia daktari. Alisikitika, na naamini alisikitika kweli. Akaniambia nimpeleke shangazi kliniki ya macho ya hospitali ya umma.

Nilimpeleka. Tukapanga foleni, tukapewa siku, tukapanga foleni tena. Daktari wa huko, mama mmoja mkavu wa maneno, alimwangalia kwa muda mrefu.

"La kushoto mmechelewa," akasema. "La kulia tutajaribu kuokoa kilichobaki."

Shangazi alimshukuru kwa adabu, akamwombea na heri. Nje, kwenye benchi, akasema, "Basi hayakuwa machozi."

Mradi ulipomalizika, tuliitwa kurudishiwa matokeo. Hiyo nayo ilikuwa sehemu ya ushirikiano, kwamba jamii isichukuliwe damu na picha kisha ikaachwa gizani. Wakakodi ukumbi. Washiriki wote waliitwa, na shangazi akataka kwenda, kwa sababu kwake kuitwa ni heshima. Wifi yake akaja naye. Tukaketi safu ya pili, shangazi katikati yetu. Mbele yetu kamati, kanzu zimepigwa pasi. Kulikuwa na sambusa na ukwaju, safari hii ukimiminwa na msichana mwingine.

Wageni wa ng'ambo wakazungumza, daktari wetu akatafsiri. Wakasema wamejifunza mengi kutoka kwetu. Tukapigiwa makofi, tukapiga nasi. Kisha taa zikazimwa, picha zikaanza kutokea ukutani, kubwa kama mlango wa ngome.

Likaja jicho.

Nililijua kabla sijamaliza kuvuta pumzi. Mshipa umepinda kama ndoana. Chini yake punje ya mchele.

"Mshiriki huyu," daktari akatafsiri, na sikujua kama alilitambua au ameona mengi mno, "aligunduliwa mapema. Lakini alijitoa kabla ya matibabu. Tunawaonyesha ili jamii ielewe hasara ya kukosa miadi."

Ukumbi ukaguna kwa huruma. Muuza viungo akatikisa kichwa. "Uzembe," akasema, si kwa ubaya, kama mtu anayeutaja ugonjwa wa kawaida.

"Masikini," wifi yake shangazi akanong'ona. "Watu wengine hawajipendi. Kwa nini hakwenda?"

Shangazi alikuwa ameinama mbele, anageuza uso huku na huku kutafuta pembe ambayo ingemwonyesha kitu.

"Ni nini kile?" akaniuliza. "Mimi naona rangi ya chungwa tu."

"Jicho."

"La nani?"

Nilisimama. Nilitaka kusema mengi, nilikuwa nimeyapanga miezi. Yakatoka machache.

"Huyo hakujitoa. Alikuwa edani. Mlisema asiyekuja hataki, na yeye alitaka."

Imamu akaangalia mikono yake. Daktari akanitazama, akalitazama jicho, akanitazama tena, na hapo nikaona amelijua. Mgeni akamwuliza kitu sikioni, naye akajibu kwa maneno machache, mafupi kuliko niliyoyasema mimi. Mgeni akatabasamu kwangu, kwa upole.

"Anakushukuru kwa mchango wako," daktari akatafsiri, sauti imepungua. "Anasema watalizingatia katika utafiti ujao."

Nilikuwa ninataka kuendelea. Lakini nilihisi buibui langu linavutwa chini.

"Keti," shangazi alikuwa akininong'oneza. "Keti, mwanangu. Watajua ni mimi. Nitasemwa."

Nikaketi. Upande wa pili wifi yake alikuwa amejifunika mdomo kwa mtandio, hatazami ukutani wala hamtazami shangazi. Mkono wake mwingine uliutafuta mkono wa shangazi gizani, ukaushika, na shangazi akamwachia.

Jicho likaondoka. Zikaja nguzo za rangi zilizopanda na kushuka, kisha mwisho picha ya shukrani, iliyopigwa zamani, siku ya ufunguzi. Tuko mlangoni pa chumba cha Makadara. Kamati imesimama nyuma. Daktari yuko pembeni. Mbele kabisa tuko mimi na shangazi, mshiriki wa kwanza, tumeshikana mabega, na miguuni mwangu viatu vyeupe vinang'aa. Makofi yakalia.

"Na hiyo je?" shangazi akauliza.

"Ni sisi."

"Tumependeza?"

"Tumependeza, shangazi."

Akapiga makofi na watu wengine, uso ameuelekeza ukutani, kidogo upande wa kushoto wa mahali tulipokuwa.